Gari la umeme kwa anayeishi kwenye flati: mwongozo kutoka Bugolobi

Na Mwandishi Wetu wa Biashara, Kampala

Wafanyabiashara wanaoleta magari kupitia Mombasa na Dar es Salaam wameanza kuulizwa na wateja wao kuhusu magari yanayotumia umeme. Swali la kwanza la mteja huwa ni bei. La pili ni umbali ambao gari linaweza kwenda. Swali la tatu ndilo linaloamua kama gari litauzwa au litabaki kwenye yadi: mteja anaishi ghorofa ya tatu, sasa atalichaji wapi?

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kutumia mfano wa Bugolobi, mtaa ulio katika Divisheni ya Nakawa jijini Kampala, kati ya eneo la viwanda na barabara iendayo Luzira na Port Bell. Tumeuchagua kwa sababu una flati za aina zote, za zamani na mpya, na wapangaji wake wengi ni watu wa biashara, wa mashirika na wa usafirishaji. Yanayosemwa hapa yanaweza kumsaidia pia anayeishi Kilimani Nairobi, Upanga Dar es Salaam au Nyali Mombasa, ingawa sheria na bei hutofautiana.

Kwa nini suala hili ni la kibiashara

Wasafirishaji wanakumbuka Januari 2022. Madereva wa malori waligoma katika mpaka wa Malaba na Busia kupinga upimaji wa lazima wa korona pamoja na ada yake, foleni ikafika makumi ya kilomita, na petroli nchini Uganda ikapita shilingi 10,000 kwa lita katika baadhi ya maeneo. Uganda haina bandari ya bahari, na petroli yake karibu yote hupitia Kenya na Tanzania. Lori la mafuta likisimama mpakani, mwenye gari Bugolobi husimama pia.

Umeme, kwa upande mwingine, unazalishwa nyumbani. Bwawa la Bujagali lenye megawati 250 lilikamilika mwaka 2012, Isimba lenye megawati 183 likazinduliwa 2019, na Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa rasmi Septemba 2024. Nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000. Upungufu uliopo uko katika usambazaji: nyaya na transfoma za mitaani. Anayetaka kuchaji gari kwenye flati hukutana na tatizo hilo hilo kwa sura ndogo. Umeme upo nchini, lakini haujafika pale gari lake linapoegeshwa.

Flati za Bugolobi zikoje

Kwa ajili ya mwongozo huu tunaweza kuzigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni flati za zamani, zile zinazojulikana na kila dereva wa bodaboda kama Bugolobi Flats. Zilikuwa mali ya Shirika la Taifa la Nyumba na Ujenzi na baadaye ziliuzwa kwa watu binafsi, kila mtu nyumba yake ndani ya jengo moja. Uwanja wa kuegesha ni wa wazi na wa pamoja. Katika majengo ya namna hii mara nyingi hakuna nafasi iliyoandikwa jina la mtu, aliyewahi ndiye anayepata. Ukichimba mtaro wa waya kutoka kwenye ngazi hadi uwanjani, unachimba ardhi ya watu wote.

Kundi la pili ni majengo mapya ya upande wa Luthuli, Bandali na mitaa ya karibu. Kwa kawaida jengo zima lina mmiliki mmoja, ukuta, geti, mlinzi, jenereta, na nafasi ya gari moja au mawili kwa kila nyumba. Hapa mambo ni rahisi kidogo, kwa kuwa mwenye uamuzi ni mmoja na gari haliko mbali na chumba cha mita. Ugumu wake ni kwamba mpangaji anaweka fedha kwenye mali isiyo yake, kwa mkataba ambao mara nyingi ni wa mwaka mmoja.

Kabla ya jambo lolote, jiulize uko kundi gani. Hatua zinazofuata hutegemea jibu hilo.

Nani mwenye kauli

Kwa aliyenunua nyumba ndani ya jengo, sheria inayohusika Uganda ni Sheria ya Mali za Kondominiamu ya mwaka 2001. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ramani ya jengo ikishasajiliwa, wenye nyumba huunda chombo cha pamoja kinachosimamia sehemu za wote: ngazi, paa, uwanja, mabomba na nyaya kuu. Chombo hicho hutunga kanuni na kukusanya michango kwa kadiri ya sehemu ya kila mmoja. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba yako unaweza kufunga soketi unazotaka, lakini waya ukishatoka nje ya mlango wako unahitaji ridhaa ya wenzako. Ipate katika kikao, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ridhaa ya mwenyekiti mliyekutana naye sokoni haitoshi, kwa sababu mwenyekiti akibadilika, ridhaa inaondoka naye.

Kwa mpangaji, mahusiano na mwenye nyumba yanaongozwa na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 pamoja na mkataba wenyewe. Karibu kila mkataba unakataza kubadili jengo bila idhini. Soketi mpya ya nje yenye waya wake ni badiliko. Omba idhini kwa barua, na barua hiyo itaje mambo manne: nani analipa kazi, nani analipa umeme, vifaa vitakuwa mali ya nani ukihama, na kama kodi itabaki ile ile. Jambo la tatu ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Kifaa kilichofungwa ukutani huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo isipokuwa mmeandikiana vinginevyo.

Nchi jirani zina sheria zinazofanana na ile ya kondominiamu. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, na Kenya ilipitisha yake mpya mwaka 2020. Zote zinatenganisha kilicho cha mtu na kilicho cha wote, kwa hiyo utaratibu wa kuomba unakaribiana.

Umeme unatoka kwenye mita ya nani

Hapa ndipo urafiki wa majirani hupimwa. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kuvuta waya kutoka kwenye mita yako mwenyewe. Uganda inatumia mita za malipo ya kabla, Yaka, tangu 2011. Ukichaji kutoka kwenye Yaka yako, kila uniti unailipia wewe na hakuna wa kukulaumu. Njia hii inafaa pale mita zilipowekwa chini ya jengo, karibu na maegesho. Mita ikiwa juu ghorofani, waya unakuwa mrefu na gharama inapanda.

Ya pili ni kutumia mita ya pamoja, ile inayowasha taa za ngazi na pampu ya maji. Wengi huanza hivi kwa sababu soketi ya mlinzi iko karibu. Usifanye hivyo bila mita ndogo ya kuhesabia. Gari moja linaweza kutumia uniti nyingi kuliko taa zote za ngazi, na mwisho wa mwezi wenzako watakuwa wamekulipia usafiri. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mita ndogo ndiyo daftari lako: isomwe tarehe ile ile kila mwezi mbele ya msimamizi, na uzidishe uniti kwa bei iliyolipwa, kodi ikiwemo. Makubaliano yawe ya kurudisha gharama tu. Kuuza umeme ni kazi ya leseni chini ya Sheria ya Umeme ya 1999, na mwenye nyumba hana sababu ya kujiingiza huko.

Ya tatu ni kuomba mita mpya kwa ajili ya maegesho. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika, mwombaji anapeleka maombi kwa Kampuni ya Usambazaji Umeme ya Uganda, UEDCL. Njia hii huchukua muda mrefu zaidi, lakini ndiyo bora kwa jengo lenye watu watatu au wanne wanaofikiria kununua magari haya, kwa kuwa gharama ya mita na waya mkuu inagawanywa.

Kuhusu bei, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, hupanga viwango upya kila robo mwaka. UEDCL ilipoanza kazi Aprili 2025, uniti ya kawaida ya nyumbani ilipangwa kuwa karibu shilingi 756 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani karibu shilingi 892 mfukoni. Bei ya biashara ilikuwa chini ya hapo, jambo linalowashangaza wengi. Kwa hiyo ukifungua mita ya maegesho, uliza itawekwa kwenye kundi gani la wateja. Mteja wa nyumbani hulipa bei moja usiku na mchana, lakini mzigo mkubwa wa mtandao huwa kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kuchaji baada ya hapo hakutakupunguzia bili, ila kutalipumzisha transfoma la mtaa.

Huhitaji chaja kubwa

Wauzaji wengi wa vifaa watakuambia ununue chaja ya ukutani ya kilowati saba. Fanya hesabu kwanza. Gari dogo la umeme hutumia wastani wa uniti 18 kwa kilomita 100, pamoja na kinachopotea njiani wakati wa kuchaji. Anayetoka Bugolobi kwenda Kikuubo, kisha Nakawa, na kurudi nyumbani, akizunguka kilomita 40 kwa siku, anahitaji uniti 7 tu. Soketi ya kawaida ya miguu mitatu inayotoa ampea 10 kwa volti 240 hutoa kilowati 2.4. Uniti 7 zitaingia kwa muda wa saa tatu hivi, na gari hulala nyumbani zaidi ya saa nane.

Kwa majirani hesabu hii ina maana kubwa zaidi. Jengo lenye nyumba 12, kila moja ikiwa na gari linalovuta kilowati saba kwa wakati mmoja, linahitaji kilowati 84 za ziada. Zikivuta 2.4 kila moja, ni kilowati 29 hivi, na zikipeana zamu ni chini ya hapo. Mtu wa kwanza akifunga chaja kubwa, anameza nafasi yote iliyobaki kwenye waya mkuu, na wa nne au wa tano ataambiwa jengo limejaa. Kwa hiyo kamati ipange kiwango kimoja kwa wote kabla ya gari la kwanza kuingia. Baada ya hapo inakuwa vigumu kumwambia aliyetangulia apunguze.

Waya na usalama

Hofu ya kwanza ya majirani ni moto wa betri. Hofu hiyo isidharauliwe, lakini hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyaya. Birika la umeme huvuta umeme mwingi kwa dakika tano. Gari huvuta kwa saa nyingi mfululizo, na soketi hafifu au kiungo kilicholegea hupata joto polepole hadi kuyeyuka. Mambo ya kuzingatia ni haya:

- Usitumie ekstensheni, na kamwe usishushe waya kupitia dirishani. Waya uliokunjwa kwenye bobini hupata joto zaidi.
- Soketi ya gari iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa shaba, wenye unene unaolingana na urefu, pamoja na sakiti breka yake.
- Pawe na swichi ya kukata umeme mara tu unapovuja, na waya wa ardhini uliopimwa. Majengo mengi ya zamani yana waya wa ardhini kwa jina tu. Magari mengi hukataa kabisa kuchaji yakikuta ardhi mbovu, na muuzaji hulaumiwa kwamba ameuza gari bovu.
- Weka kinga ya radi. Kampala iko kwenye ukanda wa Ziwa Viktoria, mojawapo ya sehemu zenye siku nyingi za radi duniani.
- Soketi ya nje iwe na kifuniko cha mvua na iwekwe juu. Kwa walio bondeni upande wa mfereji wa Nakivubo, pima alama ya maji ya mvua kubwa iliyopita, kisha panda juu ya hapo.
- Kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, naye akupe cheti cha kazi. Bima ikikataa kulipa, karatasi hiyo ndiyo utetezi wako.

Hesabu ya fedha

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,040. Tufanye gari lake la petroli linakwenda kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 5,000. Atatumia lita 104, sawa na shilingi 520,000 kwa mwezi. Kwa gari la umeme atatumia uniti 187. Kwa shilingi 892 kila moja, ni karibu shilingi 167,000. Anabakiwa na shilingi 353,000 kila mwezi.

Ikiwa fundi atadai shilingi milioni tatu kwa waya, mita ndogo na soketi, fedha hizo zitarudi kwa miezi minane na nusu. Hapo ndipo mkataba wa nyumba unapoingia kwenye hesabu. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atapata faida ya miezi mitatu na nusu tu kama hataongezewa muda. Mwenye mkataba wa miezi sita atapata hasara. Kwa hiyo mpangaji asijadili soketi peke yake. Ajadili soketi pamoja na muda: mkataba wa miaka miwili, au mwenye nyumba achangie nusu kwa kuwa soketi inabaki kwake na itamvutia mpangaji anayefuata.

Anayeendesha kidogo apige hesabu tena. Kwa kilomita 15 kwa siku, akiba inashuka hadi karibu shilingi 132,000 kwa mwezi, na milioni tatu hurudi baada ya karibu miaka miwili. Gari la umeme humlipa anayelitumia sana. Likiegeshwa kwa fahari, linakula mtaji. Weka bei zako za leo mahali pa hizi za mfano, kisha uone.

Umeme ukikatika

Majengo mengi mapya yana jenereta. Jenereta ndogo huchoma takriban theluthi moja ya lita ya dizeli, au zaidi kidogo, kwa kila uniti. Kwa dizeli ya shilingi 5,000, uniti moja inafika karibu shilingi 1,750, mara mbili ya Yaka, na dizeli hiyo ni ya wote. Mwambie fundi afunge soketi ya gari kwenye upande usiopokea jenereta. Utaepusha ugomvi na utaokoa jenereta isilemewe.

Kukatika kwa usiku mmoja hakuathiri mwenye desturi ya kuchaji kila siku, kwa sababu betri ina akiba. Anayesubiri hadi ibaki asilimia 10 ndiye anayekwama. Wenye bodaboda za umeme walitatua jambo hili kwa njia nyingine. Kampuni kama Zembo zilianzisha Kampala mtindo wa kubadilisha betri kituoni, dereva anaacha iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Ndiyo maana dereva anayeishi chumba kimoja bila maegesho anaweza kumiliki pikipiki ya umeme, wakati jirani yake mwenye gari bado anaandika barua kwa mwenye nyumba.

Gari gani linafaa flati

Gari la umeme lililotumika ambalo waagizaji wa kutoka Japani hukutana nalo zaidi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. La kwanza lina betri ya kilowati-saa 24, likafuatiwa na la 30, kisha la 40, na la 62 mwaka 2019. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, hivyo joto huichosha. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Omba picha ya dashibodi kabla ya kulipa: kipande cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupoteza kama asilimia 15 ya uwezo. Kampala, iliyo juu ya bahari kwa karibu mita 1,200, ni rafiki wa betri kuliko Mombasa au Dubai.

Kebo inayokuja na gari la Japani imetengenezwa kwa volti za Japani, 100 au 200, na plagi yake si yetu. Mafundi hukata kichwa na kuweka plagi ya miguu mitatu. Usikubali. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti 230 hadi 240.

Magari ya China nayo yana mtego wake. Yaliyotengenezwa kwa soko la nje, kama BYD nyingi za usukani wa kulia, huja na tundu la kuchajia la aina ya Ulaya. Yaliyotengenezwa kwa soko la China lenyewe yana tundu la Kichina, na Leaf ina tundu lake la Kijapani. Mnunuzi wa flati anayetegemea pia chaja za nje lazima aulize tundu kwanza, kwa sababu chaja za umma bado ni chache na si zote zina kebo za aina zote.

Kwa waagizaji: gari la umeme tupu huandikwa forodhani chini ya kifungu 8703.80, tofauti na mseto wa petroli na umeme. Wakala akikosea kifungu, ushuru unakosewa. Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15 tangu sheria ya 2018, wakati Kenya kikomo ni miaka minane, na unafuu wa kodi hubadilika kila bajeti ya Juni. Ulizeni wakala kabla ya meli kuondoka. Betri za akiba zinazosafirishwa peke yake ni mzigo hatari wa daraja la 9, na zinahitaji karatasi zake.

Je, litafika mpakani?

Kutoka Kampala hadi Malaba ni takriban kilomita 220, na Jinja ni kilomita 80. Leaf ya zamani ya 24 iliyochoka hutoa kilomita 100 au pungufu, hivyo ni gari la mjini tu. Leaf ya 40 itafika Jinja na kurudi, lakini Malaba haitafika bila kuchaji njiani. Gari lenye betri ya 60 litafika Malaba, na kurudi itabidi lilale likichajiwa. Mfanyabiashara anayekwenda mpakani kila wiki ama abaki na gari la petroli kwa safari hizo, ama apande basi na kuacha la umeme kwa mizunguko ya Kampala. Wanaofaidi haraka ni wa mizunguko mifupi: wagavi wa maduka, mawakala wa forodha na madereva wa teksi.

Wengine wamefanyaje

Rwanda iliondoa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani kwa magari ya umeme mwaka 2021. Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto mwaka 2023, ikiwa nafuu kwa nusu nyakati za usiku. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya mafuta mwaka 2024, na Addis Ababa, ambako watu wengi wanaishi kwenye majengo ya kondominiamu, inakutana na swali la maegesho kwa ukali kuliko Kampala. Ufaransa imempa mkazi wa flati haki ya kudai sehemu ya kuchajia kwa gharama yake, na jengo haliwezi kumkatalia bila sababu nzito. Uingereza, kwa upande wa England, inalazimisha majengo mapya yenye maegesho kuwekewa chaja tangu Juni 2022.

Mkazi wa Bugolobi hana haki ya namna ya Ufaransa ya kushika mkononi. Anayo barua yake, kikao, na ushawishi wa hesabu zilizo wazi.

Maswali kumi kabla ya kulipa amana ya gari

1. Nafasi yangu ya kuegesha ni yangu kwa maandishi, au ni ya aliyewahi?
2. Nina idhini ya maandishi ya mwenye nyumba au ya kikao cha wenye nyumba?
3. Mkataba wangu una miezi mingapi iliyobaki?
4. Umeme utatoka kwenye mita gani, na nani ataisoma?
5. Mita iko umbali gani kutoka kwenye gari?
6. Waya wa ardhini umepimwa?
7. Jenereta imetengwa na soketi ya gari?
8. Ninaendesha kilomita ngapi kwa siku, kwa kweli?
9. Gari lina tundu gani la kuchajia, na kebo yake ni ya volti ngapi?
10. Nikihama, nitaondoka na nini?

Ukipata majibu ya maswali manne ya kwanza, yaliyobaki ni kazi ya fundi. Ukiyakosa, usiagize. Na kwa muuzaji wa magari ushauri ni huo huo: mteja wa flati akija, muulize anaegesha wapi kabla ya kumuuliza anataka rangi gani. Mteja aliyeuziwa gari asiloweza kulichaji atalirudisha, au atalisema vibaya mtaa mzima.